Mwai Kibaki na Gharama za Matibabu: Tumpime kwa Insafu

 

Ndugu zetu, tumeombwa tuzungumze juu ya viongozi na gharama za matibabu. Maudhui haya ni mapana, nasi tumeona tumchukue mtu mmoja, naye ni marehemu Mwai Kibaki, rais wa tatu wa Kenya. Hatukumchagua kwa kumpenda wala kwa kumchukia. Suala la ada za matibabu lilipita mikononi mwake mara mbili: mara ya kwanza zikiwekwa, mara ya pili zikipunguzwa. Na kwa kuwa ametangulia mbele ya haki, tutasema yaliyothibiti tu. Kumsengenya maiti si katika adabu zetu.

Mwaka 1965 serikali ya Kenya huru iliondoa ada za wagonjwa wa nje zilizoachwa na wakoloni. Zaidi ya miaka 20 baadaye, chini ya shinikizo la Benki ya Dunia, ada zikarudishwa Desemba 1989. Waziri wa Afya alikuwa Kibaki, aliyehamishiwa wizara hiyo mwaka 1988 baada ya kuondolewa katika umakamu wa rais. Insafu yatulazimisha tuseme kwamba rai hiyo haikuwa yake peke yake. Ilikuwa ya serikali nzima ya Rais Moi, na nyuma yake wakopeshaji. Hata hivyo wizara ilikuwa amana yake.

Matokeo yalipimwa. Katika kliniki moja ya umma ya maradhi ya zinaa jijini Nairobi, idadi ya wanaume waliofika kwa mwezi ilianguka hadi asilimia 40 ya ile ya kabla ya ada, na ya wanawake hadi asilimia 65. Zingatieni ni maradhi gani hayo, na ni miaka gani: ndiyo miaka ukimwi ulipokuwa ukienea. Aliyeshindwa na ada hakuacha kuugua. Alirudi na maradhi yake nyumbani kwa mkewe. Ada ziliposimamishwa mwaka 1990, wanawake walirejea kwa wingi kuliko awali, lakini idadi ya wanaume haikufikia tena ile ya mwanzo. Kisha ada zikarudishwa kwa awamu katika miaka ya mwanzo ya 1990.

Ama mara ya pili, Kibaki alikuwa rais. Julai 2004 serikali yake ilitangaza kwamba mgonjwa atalipa shilingi 10 katika zahanati na shilingi 20 katika kituo cha afya, basi. Watoto wa chini ya miaka mitano hawatalipa, wala wenye malaria au kifua kikuu. Tangazo hilo lilikuwa jema, na anayelikanusha anadhulumu.

Lakini watafiti walipofika Kwale na Makueni miaka michache baadaye, walikuta vituo vingi havifuati viwango hivyo. Tusiwakimbilie wauguzi kwa lawama. Ada ndiyo iliyokuwa ikimlipa mlinzi na mfagiaji, na kununua dawa pale za serikali zilipokwisha. Ukimwondolea mtu chombo cha kutekea maji bila kumpa kingine, atakwenda kukitafuta. Dawa ya jambo hili ilijaribiwa hapa hapa Pwani kuanzia 2005, kwa msaada wa Denmark: fedha zikapelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo, kamati za wanakijiji zikishiriki kuzipangia matumizi. Mpango kama huo ulianza kuenezwa nchi nzima mwaka 2010, miaka sita baada ya tangazo.

Kwetu sisi, jambo zito zaidi ni jingine. Mwishoni mwa 2004 bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya kwa Wakenya wote, uliosimamiwa na Waziri Charity Ngilu. Wakati huo mfuko wa NHIF ulikuwa ukilipia hasa waliolazwa, na wanachama wake wengi walikuwa waajiriwa. Mvuvi na mkulima walibaki nje. Kibaki hakuutia saini. Hoja ilikuwa kwamba fedha hazitatosha, na kwa mtu aliyekuwa Waziri wa Fedha tangu 1969 hadi 1982, hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa. Ila baada ya hapo alitawala miaka minane zaidi, na hakuna sheria nyingine ya bima ya wote iliyopita. Mwenye kukataa njia kwa hoja analazimika kuonyesha njia nyingine.

Yuko atakayesema: mbona Katiba ya 2010, aliyoizindua yeye mwenyewe, inataja haki ya afya katika kifungu cha 43? Kweli, nasi tunamwandikia hilo upande wa mema.

Zile shilingi 10 na 20 zilifutwa tarehe 1 Juni 2013, wiki saba tu baada ya Kibaki kumkabidhi Uhuru Kenyatta madaraka. Bima ya lazima kwa wote ilipata sheria yake mwaka 2023, na mfuko mpya ukaanza kazi Oktoba 2024. Kibaki alikuwa amefariki Aprili 2022.