LIPA KWA NJIA YENYE MLANGO WA KURUDI

(Mazungumzo ya mweka hazina mmoja katika semina ya vikundi vya parokia)



Nimeombwa niseme machache juu ya kulipia huduma kwa njia ya intaneti. Sikuombwa kwa kuwa mimi ni mtaalamu. La. Niliombwa kwa sababu nilipoteza pesa za kikundi, na mwenyekiti akasema heri hasara hiyo ifunze wengi.

Mambo yalikuwa hivi. Vijana wetu watatu walitakiwa na mwajiri walete cheti cha polisi cha mwenendo mwema. Mmoja akaona tangazo kwenye simu: cheti kwa siku mbili, bila foleni, shilingi 1,500. Kikundi kikakubali kuwakopesha. Nikatuma 4,500 kwa namba ya simu tuliyopewa. Kabla sijamaliza, simu ilinionyesha jina la mwanamke, na sisi tulikuwa tukiongea na mwanamume. Nikajiambia, labda ni mke wake. Jameni, hiyo "labda" ndiyo iliyotumaliza! Siku ya tatu namba ikawa haipatikani. Tulipouliza huduma kwa wateja, tukaambiwa pesa zilikwisha kutolewa. Kijana mmoja alichelewa na kazi ikapewa mwingine.

Tangu siku hiyo, kabla ya kulipa najiuliza swali moja: mambo yakiharibika, pesa hizi zitarudi kwa mlango gani? Hebu tuzipime njia zetu kwa swali hilo.

Ya kwanza ni kutuma kwa namba ya mtu binafsi. M-Pesa ilianza mwaka 2007 ili watu watumiane pesa, mtoto wa mjini na mama yake nyumbani. Kwa kazi hiyo ni nzuri sana. Lakini kumtumia mtu usiyemjua ni sawa na kumpa noti mkononi pale steji. Ukikosea namba, upeleke mara moja ule ujumbe wa malipo kwa 456 uombe pesa zirudishwe. Lakini aliyepokea akiwa amekwisha kuzitoa, hapo hakuna cha kurudishwa. Kwa hivyo lile jina linalotokea kabla ya kutuma, lisomeni. Lisipolingana na la muuzaji, acha.

Ya pili ni till au paybill. Hii ni afadhali, kwa maana jina la biashara linaonekana na ujumbe unabaki kama risiti. Hata hivyo msidanganyike: till si cheti cha uaminifu. Wakora nao wanazo. Itafute ile biashara kwanza: iko wapi, inafanya nini, nani amewahi kuitumia.

Kwa huduma za serikali, jambo ni rahisi zaidi. Kile cheti tulichotafuta huombwa kupitia eCitizen, na malipo ni kwa paybill 222222, ukitumia namba ya malipo ambayo mtandao wenyewe umekupa. Kijana akikusaidia kujaza fomu pale saiba, mlipe jasho lake. Lakini ada ya serikali iende kwa serikali, isipitie mfukoni mwake.

Ya tatu ni kadi ya benki. Wengi wetu tunaiogopa, na kumbe ndiyo yenye mlango wa kurudi ulio wazi kuliko zingine. Ukilipia masomo au huduma nyingine kwa kadi na usipewe, unaweza kwenda benki yako ukapinga malipo hayo. Benki itafuatilia. Siyo lazima ushinde. Utatakiwa kuonyesha ushahidi, na kuna muda uliowekwa, kwa hivyo usikae miezi ukingoja ahadi za muuzaji.

Ubaya wa kadi ni kwamba namba zake zikiibwa, mwizi anaweza kuifikia akaunti nzima. Dawa yake ni kutumia kadi iliyotengwa, yenye pesa kidogo. Mwaka 2022 Safaricom na Visa walianzisha kadi isiyoshikika kwa mkono, M-Pesa GlobalPay. Unaifungua kwenye simu kwa *334#, unapewa namba za kadi, nawe unalipa muuzaji wa ng'ambo bila kumwonyesha akaunti ya benki. Angalieni pia huduma zinazokata pesa kila mwezi. Mtu anajiunga kwa majaribio ya bure, anasahau, kumbe kadi inaendelea kukamuliwa. Andika tarehe, na ujitoe mapema.

Wale wanaotumia PayPal, chungeni jambo moja. Muuzaji akikuambia utume kama unamtumia rafiki au jamaa ili kuepuka makato, ukubali ukijua kwamba ile kinga ya mnunuzi umeiacha hapo hapo. Anayekuondoa kwenye njia yenye kinga ana sababu yake.

Na namba ya siri je? Hakuna muuzaji, karani wala mhudumu wa benki anayehitaji PIN yako, au ile namba inayoletwa kwa ujumbe mfupi. Ombi la kulipa likitokea kwenye simu yako na hukuliita, likatae.

Sisi kwenye kikundi tumeweka utaratibu mpya. Pesa za kikundi hazitumwi na mtu mmoja. Wawili wanasoma jina na kiasi pamoja, ndipo mmoja anabonyeza. Kazi kubwa tunailipa kidogo kidogo, kadiri inavyofanywa. Na kila ujumbe wa malipo tunaunakili kwenye kitabu.

Najua mtasema hayo yote yanachelewesha. Ni kweli, yanaweza kuchukua hata dakika kumi. Mimi sikutaka kupoteza dakika kumi, na sasa ni mwezi wa tano nalipa zile 4,500 polepole kutoka kwa mauzo ya mayai. Vijana wawili walipata vyeti vyao kwa njia halali. Yule wa tatu naye anacho sasa. Mkisikia nafasi ya kazi, tafadhali mtukumbuke.