KUSOMA MWANGA WA NYOTA

 Natumaini kwamba ninyi wa darasa la Iyula, na wenzenu wa madarasa mengine ya Mbozi, mmekwisha kaa na kila mtu anayo kalamu yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni neno hili: SPEKTRA. Lisomeni pamoja. Spektra ni ukanda wa rangi unaopatikana mwanga unapopasuliwa. Wote mmekwisha iona spektra iliyo kubwa kuliko zote, nayo ni upinde wa mvua. Matone ya mvua huupasua mwanga wa jua, na rangi zilizokuwa zimefichwa ndani yake hujipanga, kuanzia nyekundu mpaka zambarau.

Wengi wenu mmekwisha fika Ndolezi, kwenye kilima cha Marengi, mkaliona lile jiwe kubwa jeusi tunaloliita Kimondo cha Mbozi. Urefu wake ni kama mita tatu, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16. Mpimaji ardhi mmoja, Bwana W. H. Nott, aliliandikia habari mwaka 1930, na tangu hapo vitabu husema kwamba yeye ndiye aliyeligundua. Wazee wa Kinyiha walikuwa wakipita karibu nalo siku zote, lakini tuyaache hayo kwa leo. Jiwe hili, kwa kweli, si jiwe. Ni chuma. Katika kila sehemu mia, sehemu kama tisini ni chuma, na karibu sehemu tisa ni madini yaitwayo nikeli.

Tulijuaje? Jibu ni rahisi. Vipande vilikatwa, vikapelekwa kwa wataalamu, vikapimwa. Sasa nawaulizeni swali lililo gumu zaidi. Jua nalo lina chuma ndani yake. Ni nani aliyekwenda kukata kipande cha jua?

Hakuna aliyekwenda. Habari hiyo ilisomwa katika mwanga. Mwaka 1814, huko Ujerumani, fundi wa vioo aitwaye Joseph Fraunhofer aliupitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu, akaitazama spektra kwa darubini. Aliona kwamba ule ukanda wa rangi haukuwa mzima. Ulikatwa na mistari myembamba myeusi, mamia ya mistari, wala hakujua sababu yake. Sababu ilipatikana mwaka 1859, wakati Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen walipochunguza miali ya moto katika mji wa Heidelberg. Waliona kwamba kila kitu asilia kikiunguzwa mpaka kiwe mvuke hutoa rangi zake chenyewe, wala hakiazimi rangi za mwenzake.

Jambo hili mwaweza kulithibitisha jikoni. Nyunyiza chembe chache za chumvi juu ya mwali wa moto wa kuni. Mwali utageuka manjano. Ile rangi ya manjano ni ya sodiamu iliyomo katika chumvi. Ikipasuliwa vizuri huonekana kuwa mistari miwili iliyokaribiana sana, na mahali pake panajulikana: 589.0 na 589.6. Hizo ni nanomita, yaani sehemu za mita moja iliyogawanywa mara bilioni moja. Tena, mvuke uliopoa kidogo ukisimama mbele ya mwanga mkali, huzimeza rangi zile zile ambazo ungezitoa kama ungewaka wenyewe. Ndiyo maana mistari ya Fraunhofer ni myeusi. Kirchhoff alilinganisha mistari ya chuma kilichounguzwa na mistari myeusi ya jua, akakuta makumi yake inakaa mahali pamoja. Chuma kile kile cha Ndolezi kimo katika jua.

Basi, spektra ni barua. Lakini ni barua ya namna gani! Spektra moja ya nyota yaweza kuwa na maelfu ya mistari, mingine imebanana, mingine hafifu hata haionekani kwa jicho. Zamani wataalamu waliipiga picha juu ya vioo, wakapima mstari mmoja mmoja kwa hadubini, na kazi ya nyota moja iliweza kuchukua siku nyingi. Siku hizi kamera ya darubini huleta hesabu tupu, mamilioni ya tarakimu, na kazi ya kuzisoma hufanywa kwa programu za kompyuta. Programu ni orodha ya maagizo ambayo kompyuta huyafuata moja baada ya jingine, bila kuchoka na bila kuuliza.

Nitawaeleza kazi zake. Ya kwanza ni kupepeta. Picha inayotoka kwenye kamera ina makapi mengi: kamera yenyewe huweka tarakimu zake hata pakiwa giza, tena chembechembe zitokazo angani huigonga na kuacha alama kama nyota za uongo. Programu huondoa hayo, kama mama apepetavyo mahindi kwa ungo, mpaka ibaki punje.

Kazi inayofuata ni kupata kipimo. Hapa sikilizeni kwa makini, kwa maana mambo mengi huharibika hapa. Mkulima wa kahawa anayepeleka gunia kwenye mizani hujua kwamba mizani lazima ijaribiwe kwanza kwa uzito unaojulikana. Bila hivyo kilo zinazosomwa ni maneno tu. Wataalamu wa nyota nao hufanya hivyo hivyo. Kabla au baada ya kupiga picha ya nyota, huwasha taa maalumu ambayo mistari yake inajulikana, na baadhi ya taa hizo zina chuma ndani yake. Programu hutazama mistari ya taa na kusema: hapa ni nanomita kadhaa, pale ni kadhaa. Ndipo spektra ya nyota huwekwa juu ya rula hiyo na kusomwa.

Baada ya hapo programu hupima kila mstari, uko wapi na una kina gani. Kina husaidia kujua kiasi cha kitu kilichomo. Mahali pake hutuambia mwendo wa nyota. Ninyi mnaokaa karibu na barabara kuu ya Tunduma mnajua honi ya lori. Lori likija mbio sauti huwa nyembamba, likikupita na kwenda zake sauti hushuka na kuwa nzito. Mwanga nao hufanya hivyo. Mstari mmoja wa haidrojeni mahali pake ni 656.3. Tukiukuta katika nyota kwenye 656.5, tunajua kwamba nyota hiyo inatukimbia, na hesabu hutupa kilomita 91 hivi kwa kila sekunde. Lakini dunia yetu nayo inalizunguka jua kwa mwendo wa kilomita 30 hivi kila sekunde, kwa hiyo programu haina budi kuambiwa tarehe na mahali darubini ilipokuwa. Ukiidanganya tarehe, nayo itakudanganya mwendo.

Programu iliyotumika sana kwa miaka mingi iliitwa IRAF. Ilianza kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika mji wa Tucson, Marekani. Mwaka 2013 wenyewe waliacha kuiendeleza. Ingalikuwa imefungwa, kazi ya maelfu ya watu ingalikwama. Lakini maandishi yake yalikuwa wazi, na watu wa kujitolea waliichukua, wakaendelea kuitengeneza. Nyingine ni Astropy, iliyoanza mwaka 2011, ambayo huandikwa na watu wa nchi nyingi kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Ndani ya kundi hilo mna chombo kiitwacho specutils, ambacho kazi yake hasa ni spektra. Zote mbili hutolewa bure, na kila mtu aweza kufungua maagizo na kuona hesabu ilivyofanywa.

Huenda mtu wa Iyula akasema, mimi hayo yanihusu nini? Nitamjibu kwa kisa cha kiberiti.

Mwaka 1962 wataalamu wa kituo kimoja cha nyota cha kusini mwa Ufaransa, kiitwacho Haute-Provence, walikuta jambo la ajabu. Katika spektra ya nyota moja iliyo tulivu ilitokea mistari inayong'aa ya potasiamu. Usiku mwingine haikuwapo. Baadaye ilionekana katika nyota nyingine, kisha ikatoweka. Makala zikaandikwa juu ya nyota zinazolipuka potasiamu. Mistari ilikuwa ya kweli kabisa, wala haikupimwa vibaya. Mwaka 1967 wataalamu watatu wa California walijaribu kuwasha njiti za kiberiti karibu na chombo chao. Mistari ile ile ikatokea. Ndani ya kichwa cha njiti mna potasiamu. Chanzo cha mistari ile, basi, hakikuwa nyota: usiku ule mtu fulani aliwasha kiberiti.

Mnaona, ndugu zangu? Siku zile walisoma kwa macho. Leo programu ingeyafanya yote kwa nukta chache, ingetoa kina cha mstari na mahali pake kwa tarakimu nyingi nzuri, na isingeuliza kama kuna mtu aliyewasha sigara. Programu hujibu daima, hata ukiuliza vibaya. Mtu anayesomewa barua na mwingine hupokea maneno ya msomaji, na asipojua kusoma hana njia ya kujua kilichorukwa. Aliyeushinda mlipuko wa potasiamu si aliyekuwa na darubini kubwa zaidi, bali ni aliyeweza kuisoma spektra mwenyewe na kutilia shaka.

Nchi jirani zetu Kenya, Msumbiji na Zambia ni miongoni mwa nchi nane za Afrika zilizoshirikiana na Afrika Kusini katika mpango wa darubini kubwa ya redio iitwayo SKA. Zambia ni hapo tu, ng'ambo ya kizuizi cha Tunduma. Sisi hatumo katika hizo nane. Hata hivyo spektra nyingi hazihitaji uwe na darubini. Mpango wa Marekani uitwao Sloan Digital Sky Survey umekusanya mamilioni ya spektra za nyota na makundi ya nyota tangu mwaka 2000, na huziweka katika intaneti ili yeyote azichukue. Kijana wa Iyula akipata kompyuta aweza kusoma spektra zile zile anazosoma profesa wa Ulaya, kwa programu zile zile. Kwa maoni yangu kizuizi kikubwa si bei ya programu. Ni kompyuta na umeme, na zaidi ya hivyo ni Kiingereza, maana vitabu vya kuzieleza programu hizi karibu vyote vimeandikwa kwa lugha hiyo. Kazi ya kuviandika kwa Kiswahili ingali inawangoja watu.

Sasa kazi ya darasa. Tafuteni CD kuukuu ya muziki. Usiku, ishikeni karibu na taa ya umeme ya mrija, muigeuze polepole mpaka muone rangi. Mtaona kwamba rangi zimesimama mafungu mafungu, kwa sababu mvuke wa zebaki ulio ndani ya taa hujitaja kwa rangi zake. Kisha itazameni balbu ya zamani yenye waya mwembamba, mlinganishe. Msijaribu kwa jua, kwa maana litaumiza macho.

Kila mtu aandike mistari mitano juu ya tofauti aliyoiona, na mwalimu ayakusanye madaftari. Kwaherini.