Chumvi Ikishaingia Kisimani

(Hotuba ya afisa wa maji katika baraza la wakazi, kisiwani Lamu)

Wengi wenu mmeniuliza jambo moja: maji ya kisima yakianza kuwa ya chumvi, kwa nini tusiyachuje au kuyachemsha yakawa matamu tena? Nimekuja kulijibu hilo.

Mchanga ukiingia ndooni hutuama chini, nasi humimina maji tukauacha. Chumvi haitulii hivyo. Ikiingia majini huachana ikawa chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, ziitwazo ayoni: sodiamu yenye chaji chanya na kloridi yenye chaji hasi. Molekuli ya maji nayo ina upande ulio chanya kidogo na upande ulio hasi kidogo. Basi molekuli hizo huigeukia ayoni na kuizunguka, tano au sita kwa sodiamu moja, zikaishika. Kitambaa kinachopitisha maji kitaipitisha na ayoni pia. Kuchemsha ni vibaya zaidi, maana mvuke huenda zake na chumvi hubaki. Ukiweka jikoni lita 2 zikapungua hadi lita 1, umepata maji yenye chumvi maradufu, na makaa yako yamekwisha. Dawa ya klorini huua vijidudu tu.

Mshiko huo hupimika. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo, na mnato wake, yaani uzito wa kutiririka, unazidi wa maji matamu kwa asilimia 8 hivi joto likiwa sawa. Hamtauona kwa macho: joto likipanda kutoka nyuzi 20 hadi 30, mnato hupungua kwa asilimia 20. Wala chumvi zote si sawa. Magnesiamu huyashika maji kwa nguvu na kuyaongezea mnato. Kloridi ya potasiamu, katika joto la kawaida, huyafanya yatiririke kwa wepesi zaidi kidogo, kwa kuwa ayoni zake hushika maji kwa ulegevu na kuvuruga mpangilio wa molekuli jirani. Wanakemia wawili wa Marekani, Jones na Dole, walitoa kanuni ya kupima tofauti hizo mwaka 1929, na hadi leo inatumika.

Mtambo wa kuondoa chumvi ya bahari hula umeme mwingi: hulazimika kuyasukuma maji kwenye utando kwa shinikizo linaloweza kuzidi mara 50 ya lile la hewa.

Sasa tuje Shela. Mvua inayonyesha juu ya vilima vya mchanga huzama na kukaa chini kama maji matamu. Hapo hayakukalia mwamba. Yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ardhini, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito zaidi: lita moja ya maji ya bahari ina gramu 1,025 hivi, ya maji matamu gramu 1,000. Kutokana na tofauti hiyo ndogo, kila mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari hubeba takriban mita 40 chini yake. Ghyben, Mholanzi, na Herzberg, Mjerumani, waliligundua hilo zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Hesabu hiyo ina upande wa pili, na ndio unaoninyima usingizi. Pampu ikishusha maji ya kisima kwa mita 1 na ikaendelea hivyo, chumvi iliyo chini inaweza kupanda kuelekea mita 40. Ikishachanganyika na mchanga wote ule, kungoja mvua iisafishe huweza kuchukua miaka.

Kwa hiyo nawaomba wenye pampu: tekeni kidogo kidogo, mkipumzisha kisima kati ya zamu. Maji yakipungua, msikichimbe zaidi kwenda chini; huko ndiko iliko chumvi. Mchanga wa vilima usichotwe, kwa kuwa ndio unaopokea mvua. Jabia zisafishwe kabla ya masika. Ukionja chumvi kidogo tu, zima pampu siku hiyohiyo, na ulete chupa ya maji ofisi ya maji yapimwe.

Karibuni kwa maswali.