Tuchague tableti gani? Maneno ya komite mbele ya wanachama na wafadhili

Mkutano uliopita ulituomba tueleze kwa nini mpaka sasa hatujanunua tableti, na kwa nini tumemwandikia mfadhili mmoja barua ya kumwomba asitume zile sita alizotuahidi. Wengine wamesema huko njiani kwamba komite inakataa zawadi. Hapana. Tutaeleza polepole, kisha mtatuhukumu.

Tukumbushane kwanza kazi yenyewe. Tuko na daftari. Ndani mna jina la kila familia iliyorudi, ilitoka wapi ilipokimbia, na imerudi wapi: Oicha, Mbau, Eringeti, Mangina, ao imebaki mjini Beni ama hapa Butembo juu kule kijijini bado si salama. Mna hali ya nyumba, hali ya shamba la kakao, idadi ya watoto wasiosoma. Kutoka daftari hilo ndiko kunatoka msaada wa mabati, wa mbegu, wa minervali ya shule. Jina lisipokuwamo, familia haipati. Ndiyo maana hatuwezi kulicheza.

Wafadhili wanaomba ripoti kwa Kobo. Wengi wenu mnaijua, ni ile programu iliyoanzishwa na watafiti wa Harvard, ambayo mashirika mengi ya misaada huku kwetu yanaitumia. Uzuri wake ni kwamba unajaza fomu hata pasipo na rezo. Majibu yanalala ndani ya chombo, ukifika penye rezo yanatumwa. Tena fomu moja inaweza kuwa na lugha mbili tatu: unagusa, Kifaransa kinakuwa Kiswahili, unagusa tena, kinakuwa Kinande. Kwa bibi zetu jambo hilo si dogo. Na msiseme bibi hawezi kugusa kioo. Desemba 2023 tulipiga kura wote kwa mashine ya kugusa, na waliofundisha wajukuu zao pale kwenye foleni walikuwa ni hao hao bibi.

Sasa, tableti yetu ya kwanza. Ilikuja kutoka Ulaya, imetumika kidogo, nzuri, inang'aa. Ilikuwa iPad. Tukaiwasha, ikatuomba neno la siri la mwenyewe wa kwanza. Mfadhili aliyetuletea hakuwa yeye mwenyewe wa kwanza. Aliipata kwa mtu, naye kwa mtu. Tangu mwaka 2013 Apple wameweka kufuli hilo ili wezi wasifaidike, na ni jambo la haki. Lakini sisi si wezi, na chombo kikatufungia mlango. Vijana wa kutengeneza simu mjini wakajaribu. Wapi! Imelala kwenye kabati miezi minane. Tena tuliambiwa baadaye kwamba hata ingefunguka, ile KoboCollect, yaani programu ya kujazia fomu, ni ya Android tu. Kwa iPad ungepitia njia nyingine ya mzunguko.

Ya pili tuliinunua wenyewe, hapa hapa Butembo. Duka hatulitaji. Muuzaji alituambia nafasi ni kubwa sana, na juu yake akatuongezea kadi ya kumbukumbu iliyoandikwa 256. Bei ilikuwa tamu. Watu watatu wetu wakaenda nayo upande wa Oicha na Mbau siku nne, wakaingia nyumba 43. Kila nyumba waliandika, wakapiga picha ya ukuta uliobaki, ya sufuria, ya barua ya shefu wa kijiji. Waliporudi Beni kufungua, nyumba za mwanzo zilikuwapo. Za baadaye picha zilikuwa za kijivu, nyingine hazifunguki kabisa. Kadi ilikuwa ya uongo: ndani nafasi ilikuwa ndogo mno, ila imefundishwa kudanganya chombo kwamba ni kubwa. Inapokea, inasema ndiyo, ndiyo, lakini haiweki.

Tulirudi kwa zile nyumba. Mama mmoja alitusikiliza mlangoni mpaka mwisho, kisha akasema: «Nimewaeleza kifo cha mume wangu mara moja, nikawaeleza wale wengine mara ya pili. Sitaeleza tena juu ya mashine yenu.» Akaingia ndani. Hatukuwa na jibu. Jina lake tuliliandika kwa kalamu, tukitumia yale tuliyokumbuka, na mabati yake yalichelewa. Kosa hilo ni letu, si la muuzaji peke yake, kwani hatukujaribu kadi mbele ya kusafiri.

Kujaribu ni rahisi, na hata ninyi mnaonunua simu mshike hili. Chukua filamu moja kubwa, inakili mara nyingi mpaka chombo kiseme kimejaa. Fungua ya kwanza, fungua ya katikati, fungua ya mwisho. Zote zikicheza, kadi ni ya kweli. Fanya hivyo dukani, muuzaji akiwa anakuangalia. Akikasirika, umeshapata jibu.

Basi tunatafuta nini? Chombo kimoja ambacho kitasafiri na kitakaa nyumbani. Hapo ndipo penye ugumu, juu safari inataka kidogo na nyumba inataka kikubwa.

Njia ya Butembo na Beni ni kilomita kama 54, mnaijua kuliko sisi. Watu wanne nyuma ya taksi, mvua Maboya, jua Kabasha, na kutoka Beni kwenda Oicha mara nyingi ni pikipiki. Tableti ya inchi 10 haifichiki. Unaishika kama sahani ya bugali, kila mtu anaiona. Ya inchi 8 na kidogo inaingia ndani ya koti ama chini ya kitenge, na kioo chake bado kinatosha watu wawili kusoma pamoja. Tumeshika ya inchi 8.

Lazima iwe na mahali pa kadi ya SIM. Mfadhili wetu mmoja aliuliza kwa wema: «Wi-Fi haitoshi?» Ndugu, kwako Wi-Fi iko jikoni. Kwetu iko kwenye ofisi fulani fulani mjini, na ukitoka nje imekwisha. Iwe na SIM ya 4G, isiyofungwa kwa kampuni moja, ili tukiwa mahali Airtel haishiki tuweke Vodacom ama Orange. Tena tableti nyingi zisizo na SIM hazina GPS. iPad za Wi-Fi tupu ndivyo zilivyo. Na fomu inatuomba mahali nyumba ilipo. Bila GPS tutaandika «karibu na mti wa mwembe», na miembe ni mingi.

RAM. Tunajua neno hilo linawakasirisha. Mkongomani akisikia RAM anakumbuka ile kodi ya simu iliyoanza 2020, iliyokuwa inakata uniti zetu mpaka ikaondolewa 2022. Hii ni nyingine. Hii ni nguvu ya chombo kufanya kazi nyingi kwa mara moja, na iliyo chini ya giga 4 siku hizi itawachosha. Nafasi ya ndani iwe giga 64 ao zaidi, ili tusitegemee kadi hata kidogo. Na mtazame kwenye mipangilio Android ni ya namba gani na usalama wake ulisasishwa mwezi gani. Ikiwa ni ya miaka sita nyuma, iacheni hata kama ni mpya kwenye karatasi yake. Baada ya muda WhatsApp itaikataa.

Kura ya umeme, hapo kila mtu anajua nyumba yake. Wengi wetu ni jua tu. Batri ya tableti ndogo ni kama miliampea 5,000, ya kubwa inafika 7,000 na kupita. Paneli ya wati 20 kwenye jua zuri inajaza ile ndogo asubuhi moja, na bado unabaki na moto wa taa. Ile kubwa, siku ya ukungu hapa Butembo, utaingoja mpaka jioni. Hesabu nyingine inayodanganya watu ni batri ya mkononi. Imeandikwa 10,000, mtu anafikiri atajaza tableti ya 5,000 mara mbili. Haitokei. Mengi yanapotea njiani, utajaza mara moja na kidogo. Kwa safari ya siku nne, chukueni mbili. Na mlango wa chaja uwe wa USB-C, ule usio na juu wala chini, kwani ile ya zamani ndiyo inavunjika kwanza watu wakiisukuma gizani.

Majina ya chapa hatutaki kubishana. Tuliangalia Samsung Galaxy Tab A9 ya SIM, ina kioo cha inchi 8.7, na iko na yote tuliyosema mkichagua ile yenye giga 4 za RAM na 64 za nafasi. Kuna zile za Tab Active, ngumu, zinavumilia maji na kuanguka, na batri yake inatoka kwa mkono. Ndizo tungependa. Bei yake inatupita. Tutachukua ya kawaida, tuivalishe ganda nene la mpira na kioo cha juu. Kuna pia Tecno na nyingine zinazopita Kasindi kutoka Kampala. Si mbaya. Swali letu kwa chapa yoyote ni moja tu: kioo kikipasuka, kijana wa hapa anapata kingine? Tulizunguka tukauliza. Kwa zile zisizojulikana, jibu lilikuwa kicheko.

Sasa jambo ambalo lilitunyima usingizi kuliko mengine. Ndani ya chombo hiki mtakuwa na majina ya watu, vijiji vyao, namba zao, nani amerudi na nani ana shamba. Huku kwetu, tangu Oktoba 2014, tumezika watu wengi mno, na hatuhitaji kueleza mtu mbaya angefanya nini na orodha ya namna hiyo. Hata asiye mbaya, pale kwenye bariere, akisema «fungua nione», utafanya nini? Ndiyo maana: neno la siri la tarakimu sita, si mchoro wa kidole ambao mafuta yake yanabaki kwenye kioo. Fomu zitumwe kila jioni penye rezo, na zikishafika zifutwe ndani ya chombo. Anayesafiri asibebe fomu za jana. Majina ya watoto tusiyaandike kamili, namba inatosha. Na akinyang'anywa, aache. Tunasema mbele ya familia zenu: hakuna mwanachama atakayedaiwa tableti iliyochukuliwa njiani. Aiache aende.

Siku zisizo za safari, tableti itakaa kwa mama mwandishi. Tumekubaliana naye. Hapo watoto wa jirani wanaweza kusoma: kuna Kolibri, yenye masomo yanayofunguka bila intaneti, na Kiwix, inayoweka Wikipedia ya Kiswahili nzima ndani ya chombo. Tuwe wakweli, watoto watatafuta filamu za kupigana kwanza. Kwa hiyo tutafungua mlango wa pili ndani ya tableti, wa wageni, usioona fomu. Mega zinunuliwe na umoja kwa kazi tu. Mwenye kutaka kuongea na ndugu yake wa Kampala kwa video aje na mega zake. Mama mwandishi hataki ugomvi nyumbani mwake.

Kwa mfadhili wa zile sita: moyo wako tumeuona, na barua yetu haikuwa ya kukusukuma. Ukiweza kuziuza huko na kututumia bei yake, tutanunua mbili hapa, zenye SIM, tulizozijaribu kwa mkono wetu. Ukipenda kuzituma bado, basi ziwe za Android, zitolewe kwenye akaunti ya mwenyewe wa kwanza mbele ya kufungwa kwenye boksi, na utuandikie namba ya modeli ili tuangalie. Zile za Amazon Fire tunaomba zibaki. Duka la Google halimo ndani yake, na hatuna mtu wa kulilazimisha liingie.

Daftari la karatasi halitupwi. Kila Jumamosi mama mwandishi atanakili ndani yake majina mapya, kwa kalamu ya buluu, na nakala moja itabaki Beni, nyingine Butembo.

Tunaomba mikono sasa kwa mambo mawili: kununua mbili badala ya moja, na lile la kutomdai aliyenyang'anywa. Ile iPad tumekuja nayo, iko hapa mezani. Asiyeamini aje aijaribu.