Moyo na Figo: Mazungumzo na Kamati za Sharika, Mpanda



Tuanze kwa kukiri. Mashine ya kupimia presha tuliyonunua kwa sadaka zenu ilikaa kabatini miezi kadhaa kwa sababu betri ziliisha na hatukumpa mtu yeyote jukumu la kuzinunua. Katika muda huo tulimpoteza mzee mmoja wa kanisa. Miguu ilikuwa imevimba, na akilala pumzi ikimwishia. Sisi tulisema ni moyo. Alipopimwa damu ikaonekana figo zilikwisha kuharibika siku nyingi.

Mmetuuliza ilikuwa ni moyo au figo. Ni vyote viwili. Karibu sehemu moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo huenda kwenye figo kuchujwa. Presha ikikaa juu kwa miaka, mishipa midogo ya figo huharibika. Figo zikidhoofika, chumvi na maji hubaki mwilini, presha hupanda zaidi, na moyo hubeba mzigo hadi unachoka. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa figo hufa kwa maradhi ya moyo kabla hata ya kufikia kusafishwa damu kwa mashine. Na kusafishwa huko kwa kawaida ni mara 3 kwa wiki, kama saa 4 kila mara. Mkulima wa Karema, hata mashine ikiwa Mpanda mjini, shamba atamwachia nani?

Presha haiumi. Anayefikia 140 kwa 90 apimwe tena siku nyingine. Ikibaki hivyo aende kituo cha afya, aombe kupimwa mkojo na damu kwa ajili ya figo. Mwenye kisukari asisubiri presha ipande. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku (tunajua, Uvinza si mbali). Na zile diklofenaki mnazomeza kila jioni msimu wa tumbaku, mgongo ukiuma, huumiza figo na kupandisha presha.

Tumekubaliana kila kamati iteue mtu wa kutunza mashine na daftari, na kupima watu baada ya ibada, Jumapili ya kwanza ya mwezi. Betri zitatoka mfuko wa usharika. Kwa wafadhili, safari hii hatuombi mashine nyingine. Tunaomba vijiti vya kupimia protini kwenye mkojo.