Seli Moja Inapojifunza



Katika Milima ya Kidero, karibu na Ziwa Eyasi, Mhadzabe anayetafuta asali hupiga mluzi. Ndege aitwaye mlembe akiusikia humjibu, kisha huruka mti hadi mti mpaka penye nyuki. Mtu huchukua asali, ndege huvizia mabaki ya nta.

Mwaka 2023 watafiti Claire Spottiswoode na Brian Wood walitangaza jaribio walilofanya huko Kidero na katika Niassa, Msumbiji, ambako Wayao huwaita ndege hao kwa sauti ya mtetemo inayoishia kwa mguno. Kidero, mluzi wa Kihadzabe uliwavuta walembe zaidi ya mara tatu kuliko sauti ya Wayao. Niassa mambo yakawa kinyume. Ndege ni wa aina ile ile! Tena mlembe hafundishwi na mama yake, kwa kuwa mama hutaga katika viota vya ndege wengine na kuondoka. Yaelekea wito wa watu wa kwao hujifunza mwenyewe.

Kinachobadilika kichwani mwa kiumbe anayejifunza hivyo ni nini? Watafiti wa Okinawa, Japani, walisikiliza seli moja moja katika ubongo wa ndege wadogo waimbaji wenye asili ya Australia. Kabla kinda hajasikia wimbo wa ndege mzima aliye mwalimu wake, seli hizo hazikupendelea wimbo wowote. Baada ya kuusikia, baadhi yake zikaitikia wimbo huo na kuzipuuza nyimbo nyingine. Matokeo hayo yalichapishwa 2016.

Kwa binadamu ushahidi ulitoka wodini. Wagonjwa wa kifafa kikali huwekewa elektrodi ubongoni ili madaktari wajue degedege inaanzia wapi, na baadhi yao walikubali kushiriki utafiti wa Matias Ison, Rodrigo Quian Quiroga na Itzhak Fried uliotoka 2015. Kwanza ilitafutwa seli inayochangamka mgonjwa anapoona picha ya mtu fulani anayemfahamu. Kisha akaonyeshwa mtu huyo akiwa mbele ya jengo mashuhuri. Muda mfupi baadaye, seli ile ile ikaanza kuchangamka hata kwa picha ya jengo peke yake. Badiliko halikuja polepole: lilitokea pale pale mgonjwa aliposhika uhusiano wa picha hizo mbili, pengine baada ya kuziona pamoja mara moja tu.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba seli iliyolipokea jengo ilikuwa tayari inamjua mtu. Kipya kiliingia kupitia cha zamani.

Twende sasa kata ya Daa, wilayani Karatu. Mtoto aliyelelewa kwa Kiiraqw huingia shule ya msingi akafundishwa kwa Kiswahili, na akifika sekondari masomo hugeuka kuwa ya Kiingereza. Mara mbili hutakiwa ajenge upya majina ya vitu anavyovijua tangu utotoni. Mwalimu anayetaja mbegu kwa Kiiraqw kwanza, huku ameishika mkononi, ndipo akaleta jina la Kiswahili papo hapo, anayaweka majina hayo mawili pamoja kama picha za wodini zilivyowekwa. Vyuo vya ualimu vina kila sababu ya kulifanya hilo kuwa sehemu ya mafunzo, hasa kwa walimu wanaopangiwa vijiji ambavyo lugha yake hawaijui.