Kompyuta Ikigoma Baada ya Kuwekwa Programu Mpya



Leo tuzungumze habari ya kompyuta ya chama. Humo mna kilo za pamba za kila mkulima na fedha anazodai. Ikigoma, malipo yanakwama. Basi tusimwachie katibu peke yake jambo hili.

Kila kompyuta ina programu kubwa inayoongoza kazi zote. Huitwa programu endeshi. Windows ni mojawapo, Ubuntu ni nyingine. Tarehe 14 Oktoba, 2025 kampuni ya Microsoft iliacha msaada wake wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo haizikubali kompyuta nyingi za zamani. Kwa hiyo wengine wanaweka Ubuntu.

Sasa, fundi ameweka programu mpya, ameondoka. Tunawasha. Taa inawaka, feni inazunguka, lakini kioo ni cheusi, au kinaandika kwa Kiingereza kwamba hakuna diski ya kuanzia. Watu wanasema, "Imekufa hiyo!" La, jamani. Mara nyingi haijafa.

Tukibonyeza kitufe cha kuwashia, huamka kwanza programu ndogo iliyomo katika chipu. Inakagua vifaa, kisha inaitafuta programu endeshi katika diski. Ni kama mtoto aliyetumwa kumwita mwenyekiti. Akienda nyumba siyo, atarudi na kusema, "Hakuna mtu." Mwenyekiti yupo, ila ametafutwa pengine.

Basi tufuate hatua hizi, moja baada ya nyingine:

1. Tuzime kompyuta. Tuchomoe flashi iliyotumika kuweka programu, kisha tuwashe tena. Flashi ikibaki, kompyuta huweza kuanzia huko badala ya kwenye diski.

2. Ikigoma bado, tuwashe huku tukibonyeza F2 au Delete mara kwa mara. Kompyuta nyingine hutumia kitufe kingine. Itafunguka orodha ya mipangilio. Tutazame diski ipi inatafutwa kwanza. Tuiweke mbele ile yenye programu endeshi.

3. Je, diski haimo kabisa katika orodha? Tuzime, tuchomoe umeme, fundi akaze nyaya za diski. Isipoonekana bado, huenda diski imeharibika.

4. Ziko njia mbili za kuanzia: ya zamani, BIOS, na mpya, UEFI. Programu ikiwekwa kwa njia moja, na kompyuta imepangwa kwa nyingine, hazikutani. Tuandike kwanza mpangilio uliopo kwenye daftari, ndipo tubadilishe.

5. Ikishindikana, turudishe flashi. Flashi ya Windows ina sehemu ya kurekebisha uanzaji. Ya Ubuntu inaweza kuendesha kompyuta bila kugusa diski. Tukichagua kujaribu, si kuweka, tutaweza kufungua diski na kutazama kama hesabu zetu zipo. Zikiwapo, tuzinakili kwenye flashi nyingine.

Hapa tusikilizane vizuri. Wengi, kompyuta ikigoma, hukimbilia kuweka programu upya. Flashi inauliza kama diski ifutwe, mtu anabonyeza ndiyo. Hapo hesabu zilizokuwa salama zinafutika. Kompyuta inawaka, lakini mkulima hana ushahidi wa kilo zake. Haraka haraka haina baraka. Na kama diski imekwisha kufutwa, tusiandike kitu kingine juu yake. Tuizime, tumpelekee fundi anayejua kuokoa kumbukumbu.

Kwa hiyo kabla fundi hajagusa kompyuta, wanachama tumwulize katibu: hesabu zimenakiliwa wapi? Ziwepo kwenye diski ya pili, na daftari la karatasi liwepo kabatini. Nasi kila mmoja tutunze stakabadhi zetu. Sasa tunajua kusoma, tuzisome.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini tuchomoe flashi kwanza?
2. Hesabu za chama chetu zimenakiliwa wapi?
3. Nani aliziangalia mara ya mwisho?